Maneno ya Kiraka Darajani

Jumatatu, Machi 2

Mvua imeanza leo mchana bila hodi. Nimerudi kutoka kazini, duka la miwani, soksi zinalia chwa chwa chwa. Lakini sijali, kwa sababu Wazee wa Taa wametangaza: sehemu ya tatu ya gemu yetu inatoka Ijumaa! Miaka kumi ya kungoja. Na Kiraka anarudi! Nimepiga yowe peke yangu chumbani mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.

Nimempigia mdogo wangu. Hakupokea. Baadaye akatuma ujumbe: "Dada, mtoto analia. Nitakupigia."

Alhamisi, Machi 5

Hakupiga.

Ijumaa, Machi 6

Kwa kuwa sina wa kumwambia, nitaliambia daftari.

Gemu yenyewe ni ya zile za kuvaa uhusika. Unakuwa mtu mwingine, unapewa upanga, begi na dunia nzima, na kila unayekutana naye akikusemesha unaletewa majibu matatu uchague moja. Ukijibu ovyo leo, kesho kutwa yatakurudi. Wako watengenezaji wanaokupa nchi kubwa kama bahari, ukiingia ndani ni majani matupu na mshale wa kukuonyesha pa kwenda, utadhani umepeleka macho kwa fundi ukasahau kuyachukua. Wazee wa Taa hawako hivyo. Tunawaita hivyo kwa sababu ya ile taa ndogo inayowaka mwanzoni kabla jina la gemu halijatokea. Nchi yao ni ndogo, lakini kila mtu aliyemo ana kinyongo chake.

Sehemu ya kwanza ilitoka nikiwa na miaka kumi na saba na mdogo wangu sita, mwaka uleule tuliomzika mama tukahamia kwa shangazi. Binamu yetu alikuwa ameichoka mashine yake, akatuachia. Mdogo wangu hakujua kusoma hata Kiswahili, sembuse ile lugha ya kigeni ya mle ndani. Mimi nilikuwa naielewa kidogo, ila kupigana sikuweza, vidole vyangu vinagombana vyenyewe kwa vyenyewe. Basi tukagawana kazi: yeye mikono, mimi mdomo. Yeye anapiga, mimi nasoma, natafsiri kwa sauti na kuchagua jibu. Ndiyo maana hadi leo namwita Mikono, ingawa ni fundi lifti wa miaka ishirini na tano, mwenye mke na mtoto wa miezi minne.

Kiraka ndiye mwenzako wa safari katika ile ya kwanza, askari mtoro mwenye joho lililojaa viraka. Mnunaji huyo! Lakini mkifika darajani usiku, shujaa akipiga magoti kwa woga, Kiraka anamwambia maneno ambayo sijasikia mtengenezaji mwingine yeyote akiyaandika. Tulikuwa tunarudia pale kila jioni. Sehemu ya pili walimtoa kabisa, hatukuwasamehe.

Gemu nimeshainunua, imeshashuka kwenye mashine. Sijaifungua. Haifunguliwi mmoja asipokuwepo. Ndiyo sheria yetu.

Jumamosi, Machi 7

Amepiga.

"Dada, kazini wamenihamisha."

"Wamekuhamisha jengo gani?"

"Si jengo, Dada. Mji. Mvua zikikatika tunahama." Akautaja mji wenyewe. Siku nzima kwa basi.

Nikauliza, "Na gemu je?" Mtu anakwambia anahama na mtoto mchanga, wewe unauliza gemu! Lakini ndicho kilichonitoka.

Akacheka. "Tutaimaliza kabla sijaondoka. Jumapili ya wiki ijayo nakuja."

Msimu huu naomba hilo moja tu. Tuimalize sote wawili kabla hajaondoka. Akishaenda sina mtu katika mji huu, tusidanganyane. Nina wateja, nina jirani mwenye ufagio.

Jumapili, Machi 15

Nimefagia. Nimeazima kiti cha pili kwa jirani, maana mimi nina kimoja. Saa nane ujumbe ukaingia: mtoto ana homa.

Nimekirudisha kiti. Jirani akauliza, "Mgeni hakuja?" Nikamwambia alikuja akapenda kusimama.

Jumanne, Machi 17

Lenzi. Mvua. Lenzi.

Ijumaa, Machi 20

Leo nimefikiria sana habari ya begi. Kuna watengenezaji wanaokuruhusu kubeba mapanga mia mbili bila jasho, na wengine, kama Wazee wa Taa, ukiokota uyoga mmoja zaidi shujaa anaanza kutembea kama mjamzito. Watu huwalaumu. Mimi nawatetea. Bila uzito hakuna cha kuchagua, utabeba tu kila kitu. Nilitaka kumweleza Redio, mpokea wateja wetu, ambaye tumempa jina hilo kwa sababu hazimiki. Nilipofika kwenye uyoga akaniuliza kama unapikwa na nazi.

Jumapili, Machi 22

Hakuja. Barabara imejaa maji, anasema. Ninaamini. Mvua imenyesha tangu alfajiri, dirisha langu linavuja pale pa kila mwaka, nimeweka sufuria.

Nikaifungua peke yangu.

Sheria nimeivunja mimi, najua. Lakini adhabu nimeipata hapohapo. Wamempa shujaa sauti! Katika zile mbili za kwanza shujaa alikuwa bubu. Unachagua jibu, maandishi yanapita, na sauti ni ya kwako uliyekaa kwenye kiti. Mimi ndiye niliyekuwa sauti yake. Sasa nimechagua jibu, nikafungua kinywa nisome, na likatoka dume moja la sauti nene likasema kabla yangu, tena kwa maringo kama msoma taarifa ya habari. Nikabaki mdomo wazi. Mashabiki vijana wanafurahia, wanasema ndiyo maendeleo. Maendeleo gani hayo ya kumnyang'anya mtu kazi yake?

Halafu Kiraka. Nilimsubiri saa mbili nzima. Nimeuawa mara sijui ngapi na mbwa mwitu wa kwanza kabisa, yule waliyemweka pale ili watoto wajifunze vitufe. Hatimaye nikafika kibandani na Kiraka yumo, joho lilelile. Nikamkaribia. Akanitazama, akasema: "Umechelewa." Basi. Nikajaribu majibu yote matatu. "Umechelewa." "Twende." "Usiniulize." Wamemfanya gogo! Yule aliyesema yale ya darajani!

Nilizima. Nililia kidogo, na sioni haya kuliandika hilo.

Ijumaa, Machi 27

Nimepigana vita kwenye ukumbi wa mashabiki mtandaoni. Huko najulikana kama Mkata Vioo. Niliandika kwamba Wazee wa Taa wamemuua Kiraka bila kumzika, kwamba katika sehemu ya kwanza alikuwa na utu, kwamba darajani alimwambia shujaa, "Kuogopa ni ruhusa, hakuna atakayekucheka," na kwamba aliyeandika mstari ule bila shaka alifukuzwa kazi.

Mmoja anayejiita Chumvi Kidogo akajibu: "Ndugu, Kiraka hajawahi kusema hivyo."

Nikamwambia pengine wakati gemu ile inatoka yeye alikuwa bado ananyonya. Akaleta picha ya daraja yenye maandishi mafupi chini. Nikamwambia picha siku hizi hata mtoto anaunda. Wengine wakaingia, wote upande wake. Tisa kwa mmoja! Wanakubaliana kusahau, nikawaambia. Wasimamizi wakanifungia siku tatu nipoe.

Hawa ndio watu ninaozungumza nao.

Ijumaa, Aprili 3

Kwenye mashine yangu kuna orodha ya marafiki. Ya kwangu ina jina moja. Akiwa amewasha mashine yake, kitaa cha kijani kinawaka kando ya jina na chini yake inaandikwa anacheza nini.

Leo saa moja jioni kimewaka. Mikono. Anacheza: sehemu ya kwanza. Ile waliyoipaka rangi upya miaka ya karibuni wakaiuza mara ya pili.

Sehemu ya kwanza! Bila mimi!

Nikampigia. Akapokea kwa kunong'ona. "Dada?"

"Unafanya nini?"

"Nambembeleza mtoto."

"Mikono, umegusa gemu yoyote siku hizi?"

"Sijashika gemu tangu mtoto azaliwe, Dada. Nafasi iko wapi?"

Nikamwambia usiku mwema. Kitaa kiliendelea kuwaka. Nilikaa nakitazama kama mtu anayechungulia nyumba aliyowahi kuishi.

Jumamosi, Aprili 4

Nimeelewa. Ni wifi. Yeye ni mwalimu wa chekechea, kusoma kwa sauti ndiyo kazi yake. Amekaa pale kwenye kochi lao, mtoto mapajani, anamsomea. Mdomo mpya umepatikana. Tangu siku ya kwanza niliona jicho lake, lile la kupima, kama anayekagua kucha za watoto mstarini.

Jumatano, Aprili 8

Nimefanya kosa la aibu. Mzee anayefundisha kwaya alileta fremu yake juzi, jicho la kulia halioni karibu, la kushoto halioni mbali. Nikakata vizuri, nikang'arisha vizuri, nikaweka lenzi ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Leo amerudi ameshika ukuta.

"Mwanangu," akaniambia, "ngazi za nyumbani kwangu zinanifuata."

Daktari wetu wa macho hakugomba. Amenitazama tu juu ya miwani yake, nikarekebisha hapohapo. Mzee alipotoka, Redio akanijia mezani.

"Hayo ni mapenzi."

"Si mapenzi. Ni mdogo wangu."

"Amefanyaje?"

"Anacheza gemu bila mimi."

Nilitegemea kicheko. Redio akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanyamaza. Kisha akasema dada yake aliye ng'ambo huweka mtandaoni picha za sherehe ambazo hakumwambia kwamba zipo. "Ukiziona unajua kabisa wewe ulikuwa unaweza kualikwa," akasema. Tumekaa hivyo mpaka mteja akabisha hodi. Nimemwonea huyu mwanamke miaka yote hii.

Jumapili, Aprili 12

Hakuja. Hakutuma hata ujumbe. Kitaa cha kijani kinawaka na kuzima, mchana kutwa.

Jumanne, Aprili 14

Kijani.

Ijumaa, Aprili 17

Sufuria ya dirishani imejaa nikiwa kazini, maji yamefika kwenye zulia. Nimekamua zulia. Nimejaribu tena sehemu ya tatu, nimemshinda mbwa mwitu! Nikageuka kumwambia mtu. Watengenezaji wanajua kuweka tarumbeta, nyota na maandishi ya dhahabu ya kukupongeza, lakini hayo yote yakiisha chumba kinakuwa kimya kuliko mwanzo. Sidhani kama wanalijua hilo. Au wanalijua, ndiyo maana wanaweka mbwa mwitu wa pili.

Jumapili, Aprili 19

Nilinuia kumpigia na kumwambia yote, kwamba namwona, kwamba kitaa kinamsema. Nimeishika simu nikaiweka. Nikimkamata kwenye uongo atakuja kwa aibu, na aliyekuja kwa aibu hakai.

Jumamosi, Aprili 25

Wifi amekuja dukani. Peke yake, mtoto mgongoni, mwavuli umegeuzwa na upepo kama ua lililochanua. Redio akamkalisha, akamchukua mtoto, akaanza kumhadithia siasa. Mimi nikabaki na wifi kwenye chumba cha mashine ya kukatia lenzi, nikiwa tayari kwa vita.

"Wifi," akasema, "mwite mdogo wako. Mimi nimeshindwa."

"Kwani anaumwa?"

"Hana raha. Mtoto akilala tu, anawasha ile gemu ya zamani. Anakwenda mpaka kwenye daraja. Anatazama, anazima, anaanza upya. Kila siku hivyo hivyo. Nikamuuliza unatafuta nini, akasema kuna maneno."

"Wewe humsomei?"

"Nimsomee mimi? Yale mapanga yananiumiza kichwa." Akanitazama kwa lile jicho lake, na leo nikaliona vizuri: ni jicho la mtu ambaye hajalala miezi mitano. "Wifi, anaogopa. Tangu barua ya uhamisho ifike. Hajawahi kukaa mji ambao wewe haumo. Aliniambia hivyo, kisha akanikataza nisikwambie."

Nikageuza uso kwenye mashine nikajifanya natafuta kitambaa.

"Kwa nini ameniambia hajashika gemu?"

"Alisema ungeudhika ukijua ameanza bila wewe. Umeudhika?"

"Sana."

"Basi hakukosea," akasema, akacheka, na mimi nikacheka bila kutaka. Nimemnyooshea mwavuli wake kwa koleo la kazini. Nilimpa pia chupa ya dawa ya kufutia miwani, sijui kwa nini, yeye havai miwani.

Jioni nikampigia Mikono, nikasema maneno mawili tu. "Kesho njoo."

Jumapili, Aprili 26

Alikuja saa tatu asubuhi, ameloa chapachapa, viatu mkononi. Nilikuwa nimeshaazima kiti. Hakukaa. Alisimama katikati ya chumba akasema kama anayeripoti msiba:

"Wameyatoa, Dada."

"Nani wametoa nini?"

"Wazee wa Taa. Maneno ya darajani. Walipoipaka rangi upya wameyakata yote. Nimejaribu majibu yote. Nimekwenda na upanga, nimekwenda bila upanga, nimekwenda nikiwa nusu nimekufa. Hayasemi!"

"Si nilisema!" Nilirukaruka, wallahi. "Nimewaambia tangu Machi! Wakanifungia siku tatu!"

"Wamekufungia?"

"Tisa kwa mmoja!"

"Mbwa hao!"

Raha iliyoje, kukasirika ukiwa na mtu! Tuliwatukana wale watengenezaji mpaka jirani wa chini akagonga. Tukawatukana kwa sauti ya chini. Yeye akasema walibana nafasi, mimi nikasema wametishwa na wanasheria, akasema mwandishi alidai haki zake wakafuta kazi yake yote. Kila sababu ilikuwa tamu kuliko iliyotangulia.

Kisha akasema, "Ile ya zamani unayo?"

Ninayo chini ya kitanda, pamoja na mashine ya binamu na waya zake. Diski ndiyo ileile ya utotoni, kasha lake lina alama za meno ya Mikono. Hii haina rangi mpya, haijaguswa na mtu. Tulihangaika na waya hadi saa sita. Picha ikatokea, imefifia, na memori kadi ikafunguka na hifadhi yetu ikawemo: darajani, usiku, tuliyoiacha hapo makusudi.

Mikono akashika padi ya vitufe. Shujaa akatembea mbao tatu, akapiga magoti. Kiraka akageuka. Kisanduku cha maandishi kikafunguka, na mimi nikavuta pumzi nisome.

"Inuka," nikasoma. "Tuvuke kabla mvua haijaanza."

Kisanduku kikafungwa. Kiraka akaanza kutembea.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. "Inuka. Tuvuke kabla mvua haijaanza."

Tukajaribu jibu la pili, tukajaribu la tatu. Mvua ya nje na mvua ya mle ndani, iliyoanza kila Kiraka alipoondoka, zikawa zinapiga pamoja. Mara ya sijui ya ngapi akaweka padi sakafuni.

"Labda kulikuwa na toleo jingine," nikasema.

"Dada, kasha la diski lina meno yangu."

Nikalifunga kasha.

"Unayakumbuka alivyoyasema?" akauliza, na kabla sijajibu akaanza kuyasema mwenyewe, macho kwenye kioo cha televisheni, bila kukwama hata mara moja. "Hata mimi naogopa. Kuogopa ni ruhusa, hakuna atakayekucheka. Ukiogopa usiku, niamshe. Niamshe hata mara kumi, sitanuna. Anayeamshwa hapungukiwi kitu, ni usingizi tu, upo mwingine."

"Ndiyo," nikasema. "Hivyo hivyo kabisa."

"Dada, Kiraka halali. Gemu hii yote haina kitanda."

Nikataka kubisha. Nikapita vijiji vyote kichwani, kibanda kwa kibanda, nyumba ya wageni, kasri, kambi. Hakuna kitanda. Miaka kumi na tisa sikuliona hilo, mimi ninayejua bei ya uyoga katika kila duka la mle.

"Nilikuwa nakuamsha wewe," akasema. "Kwa shangazi. Tulilala kitanda kimoja, wewe upande wa ukutani. Nilikuwa nakutingisha nakwambia, Kiraka amesema nikuamshe. Na wewe ulikuwa unaamka."

Nilikaa chini. Kamusi yangu ya wakati ule ilikuwa ndogo, kurasa za mwisho zilichanika. Nusu ya maneno sikuyajua. Naona nilikuwa najaza ya kwangu. Sikumbuki kama niliamua. Nakumbuka tu kwamba kisanduku kilifunguka, na kando yangu kulikuwa na mtoto anayetetemeka, nikafungua kinywa. Yaliyotoka niliyasikia kama yeye alivyoyasikia, yametoka kwa Kiraka. Nikayaamini.

"Nimewasifu wale jamaa miaka kumi na tisa bure," nikasema.

Mikono alicheka mpaka akalala sakafuni. Akafuta macho kwa mkono wa shati lililoloa. Nami nilicheka, ila changu kilikuwa kimechanganyika na kilio, na sikujaribu kukificha.

Alipotulia akaniuliza, bado amelala chali anatazama dari. "Na wewe je?"

"Mimi je nini?"

"Mama alikuwa wako pia. Wewe ulikuwa unamwamsha nani?"

Nikamwambia chai inapoa. Hakukuwa na chai.

Baadaye tuliifungua sehemu ya tatu, tukacheza mpaka jioni. Hatukufika mbali. Shujaa anajisemea mwenyewe, kwa hiyo nikabaki kumtania anavyoongea, na Mikono akafa mara nyingi kwa sababu ya kucheka. Alipoondoka hakusema atakuja Jumapili ijayo. Ana masanduku ya kufunga. Hatutaimaliza, wote tulijua.

Jumapili, Mei 3

Nimeandika ukumbini: "Chumvi Kidogo alisema kweli. Kiraka hakusema. Mimi ndiye niliyekosea." Nilitegemea wanicheke.

Akajibu baada ya saa moja. "Pole, Mkata Vioo. Lakini alipaswa kusema."

Jumamosi, Mei 9

Wamehama leo. Lori dogo, turubai juu, manyunyu. Wifi amenikumbatia kwa nguvu hadi mtoto katikati yetu akapiga chafya. Mikono alizunguka lori mara tatu akikagua kamba ambazo zilikuwa zimefungwa vizuri tangu mara ya kwanza.

"Dada," akasema, "mtoto akianza kuuliza maswali, nitamsomea nini?"

"Chochote. Hajui kusoma."

Akapanda. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Jumatano, Mei 13

Mvua imekatika. Sikujua ilikuwa inapiga kelele kiasi kile.

Ijumaa, Mei 15

Redio ameuliza nimekuwaje. Nimemwambia niko sawa. Daktari ameuliza, nimemwambia niko sawa. Jirani ameuliza kama leo sihitaji kiti. Sawa, sawa, sawa.

Niko vibaya. Nimewasha mashine, kitaa cha jina moja hakiwaki, bila shaka televisheni yao bado iko sandukuni. Nimetazama ukuta. Kuna watengenezaji wanaojua kumaliza gemu: wanakuonyesha kila mtu ameishia wapi, mmoja mmoja, kisha jina lako. Huku kwetu hakuna anayekuonyesha. Unakula, unaosha sahani moja.

Jumapili, Mei 17

Saa nane mchana, jua kali. Najua saa nane mtoto wao hulala, na najua mtoto akilala na Mikono naye hulala, maana hiyo ndiyo saa pekee anayopata. Kwa hiyo nilijua kabisa ninachokifanya.

Simu iliita muda mrefu. Nikakaribia kukata.

"Haloo?" Sauti nzito, ya mtu aliyetolewa mbali.

"Nimekuamsha?"

"Ndiyo."

"Hakuna jambo," nikasema. Kisha nikasema, "Naogopa, Mikono. Tangu mlipoondoka. Naogopa hasa jioni."

Nilisikia kitanda kikilia, nikamsikia akimnong'oneza wifi kitu, mlango ukafungwa taratibu, kiti kikavutwa.

"Haya, Dada," akasema. "Nimeshaamka. Sema."